Chumba cha Watoto Wasiolia

Wiki iliyopita tulimzika Ndahani. Nilikaa kwenye jamvi pale kwake Makole, miguu nimeinyoosha kwa sababu magoti yangu hayakunjiki tena, nikasikiliza wakisoma historia ya marehemu. Kijana aliyeshika karatasi ana sauti nzuri, simlaumu, alisoma alichoandikiwa. Alisoma kwamba marehemu alikuwa yatima wa njaa enzi za Mjerumani, kwamba alichukuliwa na nyumba ya watoto iliyokuwa hapa Dodoma, na kwamba nyumba ile ndiyo iliyomfumbua akili. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikataka kusimama. Mjukuu wangu akanivuta kanga, akaninong'oneza, bibi, hapa ni msibani. Nikabaki nimekaa, lakini chai niliyopewa baadaye nikaisogeza kando. Nimekula chumvi nyingi, sina wa kumwogopa tena, na neno hili sitakwenda nalo kaburini. Nasema hivi: sikubali. Nyumba ile haikumfumbua Ndahani akili. Nusura iizime, na katika waliokuwa wanaizima, nilikuwemo mimi. Ndiyo maana naandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kabla hawajaja kunisomea na mimi historia wasiyoijua.

Mambo ya kwetu Kondoa nayaacha, hayahusiki. Itoshe kusema mwaka ule reli ilikuwa imeshafika Dodoma, mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, hakuna aliyekuwa anahesabu, na nilipata kazi katika nyumba ya yatima kwa sababu moja tu: nilikijua Kiswahili. Nilikipata kwa wafanyabiashara waliokuwa wanalala uani kwetu, na nilikisema kwa madaha, kama watu wa pwani. Wagogo wa vijijini wakati ule wengi hawakukijua. Basi nilipopelekwa mbele ya yule Bibi wa Kijerumani aliyeiongoza nyumba, akaniuliza maneno mawili matatu nami nikamjibu bila kujiuma ulimi, alicheka kwa furaha. Siku hiyo hiyo akanivika aproni nyeupe. Loo, nilivyojiona mtu! Nilitembea kwenye ua ule kidevu juu, na wanawake wa Kigogo wenye umri wa mama yangu nikawapita bila hata shikamoo ya kueleweka. Nayasema haya mapema ili mjue mnasimuliwa na nani.

Chumba cha watoto kilikuwa kirefu, kimepakwa chokaa kuta zote mpaka macho yanauma. Vitanda vya fito vilikuwa kumi na kimoja, vitano upande huu, sita upande ule, kila kimoja na chandarua chake. Dirisha lilikuwa moja, tena juu, mtoto akilala chali anaona kipande cha mbingu basi. Kilinuka dawa ya kusugulia sakafu na maziwa yaliyochemshwa. Ukutani palikuwa na saa, chini ya saa meza, juu ya meza kengele ya shaba, na kwa ajili ya kengele hiyo sisi tulimwita yule mama Bibi Kengele, lakini si mbele yake. Akiipiga, watoto wananyweshwa. Akiipiga tena, wanabadilishwa nguo. Akiipiga mara ya tatu wanalazwa, na hapo hakuna kumgusa mtoto mpaka kengele nyingine. Kumbeba mtoto mgongoni ilikuwa marufuku, eti miguu inapinda. Kumwimbia marufuku, eti anadeka. Na juu ya yote hayo palikuwa na sheria kubwa kuliko zote, kwamba ndani ya chumba kile kinasemwa Kiswahili tu, tena kilichonyooka, kwa sababu watoto wale siku moja watakuwa watu wa serikali, na Bibi hakutaka waanze na Kigogo halafu ibidi waanze upya. Asiyejua Kiswahili anyamaze. Sasa fikiria mwenyewe. Waliowahudumia watoto wale walikuwa wanawake wanne wa Kigogo, na Kiswahili chao kilikuwa ndiyo Bibi, hapana Bibi, maji tayari. Wakanyamaza. Walinywesha kwa kimya, walifuta kwa kimya, walilaza kwa kimya, kisha wakatoka.

Wakishafika jikoni, mwenzangu, ungedhani ni watu wengine. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, kibanda cha miti kilichokandikwa udongo, na pale ndipo tulipokula ugali wa uwele na mlenda, mikono yote kwenye chungu kimoja, na domo likapigwa mpaka moshi wenyewe ukachoka kupanda. Walisengenya, walitaniana, waligombana kwa sababu ya ukoko. Mimi mwanzoni nilishika sahani yangu nikala pembeni. Baadaye njaa ya maneno ikanisogeza. Tukirudi chumbani, kimya kilekile. Watoto walishiba, sitaki kumsingizia mtu, walikuwa safi, nguo zao zinanukia sabuni, na Bibi mwenyewe alikuwa anawapenda kwa namna yake, nimemwona akilia mmoja alipokufa kwa kuhara, kabla kitanda chake hakijapata mwingine. Lakini kulikuwa na jambo ambalo siku ya kwanza nililiona zuri. Watoto hawakulia. Kumi na mmoja, na unaweza kusikia saa inavyogonga. Nikasema moyoni, ama kweli watoto hawa wana adabu. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Ndahani alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Alikuwa na miaka miwili na kitu. Aliletwa akiwa mdogo kabisa, ameokotwa kando ya maiti ya mama yake wakati wa njaa, na jina lake alipewa na mwanamke aliyempokea siku hiyo, Mama Matika. Huyu Mama Matika alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye masikio yaliyotobolewa kwa pete nzito, na Matika wake mwenyewe alikufa na njaa ileile. Kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe wa nyumba na kunywesha upande wa mlangoni. Wiki ya tatu tangu nifike nilikwenda kuchukua ndoo mlango wa nyuma, nikamsikia. Alikuwa ameinama juu ya kitanda cha Ndahani, mdomo karibu na sikio la mtoto, anamwambia maneno kwa Kigogo, harakaharaka, kama mtu anayempa mwenzake umbea. Na mtoto alikuwa anamjibu. Hayakuwa maneno bado, yalikuwa sauti tu, lakini mama akinyamaza mtoto anasema, mtoto akinyamaza mama anasema. Nilisimama pale na ndoo yangu. Mnajua nilifanya nini? Nilikwenda kumwambia Bibi. Hakuna aliyenituma. Nilitaka anione kuwa mimi si kama wale. Siku ileile Mama Matika alitolewa chumbani, akaambiwa kazi yake sasa ni zizini na kwenye jiwe la kusagia, na asiuvuke tena mlango wa watoto.

Hakunigombeza. Hilo lilinikera kuliko matusi. Jikoni aliendelea kunisogezea mlenda kama kawaida. Lakini kule chumbani nilianza kuona kitu. Kwa siku kadhaa Ndahani alisimama akishika fito za kitanda, akiutazama mlango wa nyuma, anatoa sauti zake zile, ananyamaza kungoja jibu, anatoa tena. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa mita mbili, nakunja nguo, na nilikuwa na Kiswahili kilichonyooka tele mdomoni, ila sikujua mtu anamwambia nini mtoto mdogo kwa lugha ya wafanyabiashara. Mama yangu hakuniimbia kwa Kiswahili. Baada ya siku hizo akaacha kusimama. Akaanza kulala upande mmoja, anagonga kichwa kwenye fito, taratibu, kwa mpigo uleule, asubuhi mpaka jioni. Ukimwinua hakushiki, amelegea tu. Ukimwita hageuki. Niliyaona yote haya kwa macho yangu, na bado nikajiambia labda anaota meno.

Uwele ulipofika magotini akaja Bwana Daktari wa serikali, na karani wake wa kutafsiri, mtu wa pwani, kanzu safi, maneno matamu. Daktari alikuwa na chombo cha chuma chenye mikono miwili iliyopinda, na kwa chombo hicho alipima vichwa vya watoto wote, mbele mpaka kisogo, sikio mpaka sikio, anataja namba, karani anaandika. Alipofika kwa Ndahani alipima mara mbili. Akapiga vidole karibu na sikio lake, mtoto hakugeuka. Akamwinua mkono, akauachia, ukaanguka. Akazungumza na Bibi Kijerumani kwa muda mrefu, naye Bibi akawa anainamisha kichwa. Kilichosemwa tulikipata jikoni, kwa sababu karani alipenda ugali wetu kuliko alivyotaka ijulikane. Akatuambia, huku anafinyanga tonge, kwamba Bwana Daktari amesema fuvu la yule wa mlangoni ni dogo, akili ya mtu hukaa kwenye fuvu, na fuvu likiwa dogo hakuna cha kufanya, amezaliwa hivyo. Atarudi baada ya mavuno kumpima tena. Asipoonyesha dalili ya akili, atapakiwa kwenye garimoshi apelekwe pwani, kwenye nyumba ya wasiopona. Nikamuuliza karani, huko wanafanywa nini. Akalamba vidole, akasema, "Binti, huko hawafanywi kitu. Wanangojewa tu."

Nikatazama upande wa Mama Matika. Alikuwa anasaga, hakuinua uso, lakini jiwe lilikuwa limesimama. Nikalirudisha tonge chunguni. Maana wengine wote pale walidhani mtoto amezaliwa hivyo, na daktari alidhani amezaliwa hivyo, ila watu wawili ndani ya jiko lile tulijua kwamba mwezi mmoja na nusu nyuma mtoto huyo alikuwa anapiga soga. Nilingoja wenzetu watoke. Nikaenda nikapiga magoti karibu na jiwe, na kwa mara ya kwanza nikamwamkia ipasavyo, shikamoo Mama, naye akaitikia marahaba. Nikamwambia ni mimi niliyemsema kwa Bibi. Akasema anajua, alikiona kivuli changu na ndoo. Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kulia kwako anakula nini yule mtoto?" Nikafuta machozi. Nikamuuliza tufanye nini. Akasema, "Mtoto haanzi kusema peke yake. Anasemeshwa. Mimi mlango nimefungiwa. Wewe unao. Mlete hapa."

Ndivyo tulivyoanza wizi wetu, mchana kweupe. Baada ya kengele ya kulaza, Bibi alikuwa anakwenda chumbani kwake kujinyoosha, na jua la Dodoma saa saba mchana linajulikana, hata kuku hujificha. Mimi nilikuwa zamu ya chumba. Nilimtoa Ndahani kwa mlango wa nyuma, nikaweka nguo zilizoviringishwa chini ya chandarua, nikampeleka jikoni, Mama Matika akamfunga mgongoni kwa mbeleko ya ngozi ya mbuzi, akarudi kwenye jiwe. Hakuna zaidi. Alisaga. Anayesaga uwele huinama na kuinuka, huinama na kuinuka, na mtoto mgongoni anakwenda naye, na Mama Matika alikuwa anaimba nyimbo za kusagia kwa sauti ya chini, akiingiza humo habari zote za siku ile, nani kaunguza nini, ng'ombe gani kapiga teke ndoo. Wiki ya kwanza Ndahani alilegea tu, kichwa kinaning'inia. Nikakata tamaa, nikasema huyu amekwisha. Mama Matika akaniambia ninyamaze au niseme na mtoto, nichague moja. Basi nikawa nakaa mbele yake, uso kwa uso, namwambia maneno ya Kigogo niliyofundishwa jana yake, na Kigogo changu kilikuwa kibovu mpaka wale wanawake wengine wanashika mbavu. Hao nao walijua. Wote walijua, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kusema. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na tabia hiyo. Wiki ya pili alinitazama. Wiki ya tatu nilikosea neno, mama zangu wakacheka, naye akacheka, sauti nzito ya ajabu, kama mzee.

Baada ya hapo tukawa tunampeleka zizini. Mama Matika alikamua kama wanavyokamua kwao: kwanza ndama anaachiwa anyonye kidogo ng'ombe ateremshe maziwa, kisha anavutwa pembeni, anakamua, na chuchu moja haiguswi, hiyo ni ya ndama. Kila siku alikuwa anamwonyesha Ndahani na kumwambia kwa Kigogo, hii yetu, hii yetu, hii yetu, ile ya ndama. Mtoto akimfuata mkono kwa macho. Mavuno yalipokaribia akaanza kusema naye. Ya ndama. Akitaka kunywa alionyesha kibuyu, akaambiwa haya kunywa. Akiona ndoo kubwa anayopelekewa Bibi, mwenyewe anapiga kelele kwamba hiyo ya ndama, kwa sababu ya uchoyo wake alitaka kila kitu kiende kwa rafiki yake ndama. Tulicheka mpaka tukaumia. Alitembea. Aligombana na jogoo. Alinipa jina la kwake ambalo hakuna aliyelielewa. Na kila siku ilipokaribia kengele, nilimrudisha kwenye kile chumba cheupe, nikamlaza, naye uso ukamfunga kabisa, akalala kimya mpaka kesho. Kumi wengine walilala vilevile, na sisi tulikuwa na mgongo mmoja na mchana mmoja.

Mjukuu wangu huyo aliyenivuta kanga ni muuguzi kliniki ya watoto. Ananiambia, kwa upole wa kumfundisha bibi kizee, kwamba ubongo wa mtoto hujijenga miaka ile ya mwanzo, na haujengwi na uji peke yake, bali kwa kushikwa, kutazamwa, kusemeshwa na kujibiwa. Anasema mtoto anatoa sauti, mkubwa anaijibu, na kila jibu linaunganisha kitu humo ndani, na asipojibiwa vile vitu havishikani. Anasema pia kwamba mtoto aliyechelewa anaweza kurudishwa, akiwahiwa. Nikamwambia, mwanangu, umesomea miaka mingapi? Akacheka. Simdharau, elimu yake ni nzuri na inaokoa watoto wa watu. Lakini sitaki mtu aniambie kwamba hayo yamegunduliwa juzi. Mwanamke asiyejua a wala be aliyajua, akiwa na unga mikononi, na mwenye chombo cha chuma hakuyajua. Nyumba ile ndiyo inayokumbukwa kwenye karatasi, na yule mwanamke hata jina hakutajwa msibani. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Daktari alirudi baada ya mavuno kama alivyosema. Tulikuwa tumejipa moyo, nami nilikuwa nimemwogesha Ndahani mara mbili. Chumbani waliweka meza ndogo, juu yake vipande vya mbao vya rangi, kikombe cha maziwa na kijiko. Daktari akapima kichwa kwanza, akataja namba, karani akaandika, nikaona kwa uso wa karani kwamba namba haijabadilika. Kisha karani akamwambia mtoto kwa Kiswahili cha pwani achukue kipande chekundu. Ndahani akamtazama. Akamwambia aweke kijiko ndani ya kikombe. Ndahani akamtazama tena, halafu akanitazama mimi. Hakuwa amewahi kuagizwa kitu kwa lugha ile maishani mwake. Karani akamsogezea kikombe cha maziwa, akamwambia anywe. Na Ndahani, mbele ya watu wote hao, akakisukuma kikombe kwa mikono miwili, maziwa yakamwagika mezani, akasema kwa Kigogo, neno kwa neno, wazi kabisa, kwamba hayo si yetu, ni ya ndama. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikageuka kumtazama Bibi. Daktari alikuwa anafuta suruali yake. Akasema jambo, na karani akaliandika na kulitafsiri kwa mazoea: mtoto hatambui hata chakula, anatoa sauti zisizo na maana.

Nikasema. Sikuwa nimeulizwa. Nikasema, "Bibi, amesema. Amesema maziwa ni ya ndama. Ni Kigogo." Bibi akageuka mwekundu. Akaniuliza Kigogo amekipata wapi, na hapo nikaona nimejichongea, lakini nikakaza roho nikamwambia amekipata jikoni, mgongoni kwa Mama Matika, kila siku, tangu masika, na kama hawaamini wamwite. Nikamgeukia Ndahani nikamuuliza kwa Kigogo changu kibovu ndama yuko wapi, naye akanyoosha kidole mlango wa nyuma, akasema yuko nje, amefungwa, analia. Na kweli ndama alikuwa analia. Nikamwambia karani atafsiri. Karani akasema yeye si mtu wa huku, lugha hiyo haijui, hawezi kuiandika. Daktari akasikiliza yote kwa subira, nakubali, hakunikemea. Akamwambia Bibi, na karani akatuletea kwa Kiswahili, kwamba hata kasuku hufundishwa, na kwamba namba ya kichwa haidanganyi. Akatia sahihi. Garimoshi lilikuwa kesho yake asubuhi.

Sijui nani alimwita Mama Matika, nadhani ni sauti yangu iliyomfikia. Aliuvuka ule mlango aliokatazwa, mikono ina unga mpaka viwiko, akapita katikati ya vitanda bila kumtazama mtu, akamwinua Ndahani kutoka mezani, akamzungushia ile ngozi ya mbuzi mgongoni na kuifunga kifuani, mafundo mawili, polepole. Bibi akamwamuru amweke chini. Mama Matika akamuuliza karani kwa Kiswahili chake, "Umeandika hana akili?" Karani akasema ndiyo. "Umeandika hana faida?" Karani akamtazama Daktari, akasema ni kama hivyo. "Basi mimi namchukua asiye na faida. Nyie mtakosa nini?" Daktari alikuwa anafunga mkoba wake, akainua mabega. Kumbe ile karatasi waliyoiandika kumfukuza ndiyo iliyowafunga mikono, maana hakuna serikali inayotuma askari kumfuata mtu iliyomwandika kuwa si kitu. Mama Matika akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa Wazungu, akashika njia ya Kizota kwenda kwao, kichwa cha mtoto kinaonekana juu ya bega lake, kinageuka huku na huku, kinatazama kila kitu. Nasikia Bibi alipeleka mtu mara moja kuulizia, akajibiwa kijijini kwamba hawamjui mtoto huyo.

Mimi niliambiwa nivue aproni na niondoke kabla ya kengele ya jioni. Bibi akamsindikiza Daktari mpaka kwenye ngazi, na chumbani nikabaki peke yangu na wale kumi. Nilisimama katikati na aproni yangu mkononi. Niliwaza, yule ana mgongo wake sasa, na hawa je? Nikaitupa aproni chini. Nikaenda kitanda cha kwanza, nikainua chandarua, nikamtoa mtoto, nikambana kifuani, nikamwambia habari zako wewe, kwa Kirangi, lugha ya mama yangu, ambayo sikuwa nimeitoa mdomoni tangu nitoke Kondoa. Nikamwambia ana masikio makubwa. Nikamwimbia. Nikamweka chini, nikaenda wa pili. Wengine niliwasemesha Kigogo, wengine Kirangi, mmoja nikampa Kiswahili chenyewe, kwa sauti kubwa, kama naita mtu ng'ambo ya bonde. Na kila niliyemweka chini, baada ya kunitazama kidogo kama haamini, alikunja uso, akafungua mdomo, akalia. Mtoto asiyeshikwa halii, anajua hakuna maana. Aliyeshikwa akawekwa chini, huyo anajua anachokosa. Nilipofika wa kumi chumba kizima kilikuwa kinalia, vitanda vinatikisika, wengine wamesimama kwenye fito wakinyoosha mikono, na mimi nalia nao, wala sikuwa naona vizuri ninakokwenda.

Bibi akaja mbio, mikono masikioni, akasimama mlangoni. Sidhani aliwahi kuisikia sauti ya nyumba yake. Akaniuliza kwa ukali nimewafanya nini watoto wake.

Nikamwambia, "Nimewasemesha, Bibi. Sasa wanajibu."

Akanionyesha mlango. Nikatoka kwa mwendo wangu, wale kumi wanalia nyuma yangu kwa nguvu zao zote, na sikumwomba msamaha.